Mvumo wa Watu Wanne

"Wewe ulivuma?"

Swali lilikuwa fupi tu, lakini Mwalimu aliruka kwenye kiti kama aliyekalia kaa la moto. Miwani ikamtelemka hadi kwenye ncha ya pua. Akamtazama Inspekta, akamtazama Koplo aliyesimama mlangoni, halafu akautazama mzinga wa nyuki uliowekwa katikati ya meza, utadhani nao umesikia.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "hilo haliulizwi."

"Mimi nimeliuliza."

"Tangu chama hiki kizaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Mume hamuulizi mkewe! Mungu anisamehe, ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni."

"Mwenyekiti wako yuko mochwari, Mwalimu. Na mchana huu Mkuu wa kituo anampeleka mtu mahakamani kwa kosa la mauaji. Kwa hiyo leo tutavuana nguo tu, hakuna namna."

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mnene, mpole wa sura, na wengi walidanganywa na upole huo. Alivuta kiti akakaa na kukunja mikono juu ya meza.

Tuelewane mapema, maana kesi hii inaweza kumchanganya mtu. Siku mbili nyuma, Chama cha Mzinga kilikutana katika chumba hiki hiki, juu ya duka la misumari na rangi, kujadili hoja moja tu: chama kivunjwe, na wachache waliobaki wajiunge na chama tawala. Hoja aliileta Mwenyekiti mwenyewe, kwa mdomo wake. Ikapita. Wanachama wakashuka kwa ngazi za mbele, kila mtu na njia yake. Haukupita muda Mwenyekiti akaokotwa chini ya ngazi za nyuma, shingo imevunjika, vifungo vya shati vimeng'oka kifuani. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema huyu hakujikwaa, kwa sababu ngazi hazing'oi vifungo. Na aliyekutwa amempakata pale chini, damu imemlowesha hadi viwikoni, alikuwa katibu wake wa zamani, yule ambaye mji mzima unamwita Mhamaji tangu alipokikimbia chama.

Mkuu wa kituo alipoiona damu hiyo aliridhika papo hapo. Ugomvi wa zamani upo, mtu kakutwa na maiti mikononi, mnataka nini tena? Inspekta hakuridhika. Akaomba muda, akapewa hadi mchana, tena kwa kuning'unikiwa.

"Nieleze tena huu mvumo," akamwambia Mwalimu. "Nieleze kama unamfundisha mtoto."

Hapo Mwalimu akapata nguvu, maana kufundisha ndiko alikokujua. Wana-Mzinga hawanyooshi mikono, akasema. Mwenyekiti akishauliza, wote hufumba macho na kufunga midomo. Anayekubali anavuma kwa puani kama nyuki. Anayekataa ananyamaza. Mwenyekiti havumi, kazi yake ni kusikiliza na kuamua. Kufumbua macho ni mwiko, na kuuliza nani alivuma ni mwiko mkubwa zaidi.

"Ilianza wakati wa hofu, afande. Wakulima wa pamba walikuwa wakidhulumiwa kwenye mizani ya kiwanda, na kwenye kila mkutano kulikuwa na vibaraka wa kiwanda wanaangalia mkono wa nani umepanda. Mwenyekiti wakati huo alikuwa mshona magunia tu hapo kiwandani. Akatuambia, wenzangu, tufumbe macho. Wataandika jina la nani?" Mwalimu akatabasamu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kijana. "Uchaguzi wa kwanza tukazoa mkoa mzima. Madiwani wetu, meya wetu, wabunge wetu. Tazama pale."

Ukutani ilikuwepo picha iliyopauka: uwanja wa mpira umefurika watu hadi juu ya kuta, maelfu wamefumba macho. Inspekta aliitazama kwa muda. Chini ya picha ile, leo, palikuwa na viti vitano vya plastiki.

"Na juzi mlikuwa watu wanne na Mwenyekiti. Wewe, Diwani, Fundi Spika, na Shangazi, dada yake marehemu. Sasa nijibu. Ulivuma?"

Mwalimu akavua miwani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Sikuvuma," akasema. "Nilinyamaza kimya kama jiwe. Ni wale wenzangu, afande! Diwani yule, mlafi yule, na Fundi wake! Walivuma mpaka meza ikatetemeka. Nilitamani ardhi inimeze. Waliuza chama chetu huku wamefumba macho, wasio na haya!"

"Na mlipofumbua?"

"Mwenyekiti alikuwa analia. Akasema, 'Kumbe wenzangu mlikuwa mmechoka.' Basi. Tukaondoka bila kuagana. Shangazi alibaki kukunja bendera."

Neno lile la bendera Inspekta hakulishtukia, kwa sababu Shangazi mwenyewe alikwisha kulisema. Asubuhi hiyo walikuwa wamepitia msibani kwanza. Shangazi aliwapokea mlangoni, mama mrefu aliyenyooka, akawakalisha, akawapa maji ya kunywa. Alisema alibaki kukunja bendera, kisha akatoka kwa mbele. Na alipoulizwa lile swali lisiloulizwa, hakuruka wala hakushangaa.

"Sikuvuma, mwanangu," alisema. "Na wale wenzangu msiwasumbue. Hawana kosa hao."

Walimhurumia, wakaondoka.

*

Diwani walimkuta kwenye gereji yake ya matairi, amekaa juu ya tairi la trekta, haongei na mtu. Ndiye diwani wa mwisho wa Mzinga mkoani, jitu la miraba minne lenye sauti ya kipaza. Inspekta alipomuuliza, sauti hiyo ikamtoka yote.

"Nivume? Mimi? Nivume niuze nini? Mimi hata hiki cheo nakula kwa sababu ya mzinga ule! Kamuulize Mwalimu! Tangu lini yule ana uti wa mgongo? Kamuulize Fundi Spika, anayekodisha vyombo vyake kwa chama tawala kila wiki!"

"Uliwasikia?"

"Niliwasikia kwa masikio yangu haya! Kulia mvumo, kushoto mvumo, mbele mvumo. Nikajiona nimebaki peke yangu duniani." Akajipiga kifua. "Afande, wewe hukuwepo zamani. Wabunge wetu walipoingia bungeni, wiki ya kwanza wako na sisi, mwaka wa pili wana magari, wa tatu hawapokei simu. Mmoja akapewa unaibu waziri, mwingine ubalozi, mwingine akafungua chama chake chenye wanachama yeye na shemeji yake. Makao makuu tukauza. Kila uchaguzi tunapukutika. Lakini hawa watatu niliwaamini. Niliwaamini kuliko ndugu zangu!"

Akageuza uso ukutani. Mafundi wake wakajifanya wana kazi nyingi.

Ndani ya gari Koplo akacheka kidogo. "Mmoja kati yao mwongo, afande."

"Hesabu na wewe. Mwalimu hakuvuma. Diwani hakuvuma. Shangazi hakuvuma. Mwenyekiti havumi kwa kanuni. Kabaki nani?"

"Fundi Spika."

"Pua moja, Koplo. Pua moja itetemeshe meza?"

Koplo akaacha kucheka. "Labda wanaona aibu kusema ukweli."

"Aibu ya nini, na waliovuma ndio walioshinda? Wangekuwa chama tawala sasa hivi, wanasubiri vyeo. Na mtu anayeona aibu halii vile." Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa kituo, anauliza kama amemaliza kuzurura, maana gari la mahabusu linawashwa. "Nipe nafasi niongee naye mara ya mwisho," Inspekta akasema, akakata simu kabla hajajibiwa.

*

Mhamaji alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Zamani alivaa suti. Ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa mikutano yote mikubwa, kinywa kama asali. Sasa alivaa shati la kuazima kituoni, kwani lake lilichukuliwa kuwa kielelezo.

"Mimi nimekwisha sema, afande. Nilikuwa uchochoroni. Nilisikia wanataka kukivunja, nikaja kusikiliza mvumo wa mwisho. Kuingia niliona haya. Niingie na uso upi?"

"Ukasikia nini?"

"Mvumo." Akafumba macho. "Yesu wangu, mvumo! Nikashangaa, kumbe wamejaa hivi? Nikajua wamerudi, wote waliotawanyika wamerudi kukiaga chama. Nililia kama mtoto, afande, nimeshika ukuta."

"Mle ndani walikuwa wanne."

Mhamaji akafumbua macho taratibu. "Wanne?"

"Na Mwenyekiti wa tano."

"Haiwezekani. Mimi nimesimamia mivumo maisha yangu yote, najua mvumo wa watu wanne. Ule ulikuwa wa umati! Nilisikia hata honi ya lori katikati yake, honi ndefu, ya furaha. Nikajiambia hata wenye malori wamekuja."

Inspekta akamtolea macho. "Honi ya lori? Barabara ya ofisi yenu imechimbwa mtaro. Hata baiskeli inabebwa begani."

Koplo, aliyekuwa akiandika, akanyanyua kalamu.

"Baada ya hapo?"

"Mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kunguruma, sikusikia tena kitu. Ghafla mtu akabingirika ngazini. Nikakimbia, nikamkuta ni yeye. Juu hapakuwa na mtu. Nikamwinua kichwa..." Hakuendelea. Akatazama viganja vyake, ambavyo vilikuwa vimeoshwa lakini kwenye kucha bado palikuwa na weusi.

Inspekta akainuka. Kwa mlinzi wa zamu alisema, "Gari lisiondoke na mtu huyu. Mkuu akiuliza, mwambie ni mimi nimesema, na akitaka kunifokea anifokee jioni."

*

Walirudi mbio kwenye ofisi ya chama. Mzinga ulikuwa palepale juu ya meza, gogo lililotobolewa ndani, lenye kifuniko cha ubao nyuma na tundu dogo mbele. Mwenyekiti alikuwa amelichonga mwenyewe siku za kiwanda, na kanuni ilikuwa kwamba hakuna mkono mwingine unaoligusa.

"Fungua," Inspekta akasema.

Koplo akarudi nyuma hatua. "Afande, mimi baba yangu alikuwa mwanachama."

"Na wewe?"

"Mimi ni polisi. Ila sitaki laana."

"Hebu sogea huko!" Inspekta akauvuta mzinga, akakibandua kifuniko, akamulika kwa simu. Ndani kulikuwa na utando wa buibui na vumbi la miaka. Isipokuwa mahali pamoja: katikati kabisa, duara safi, ukubwa wa kitako cha kikombe. Vumbi lililizunguka lakini halikuligusa. Kulikuwa na kitu hapo, kilikaa muda mrefu, na kimetolewa juzijuzi.

Mvumo wa umati na honi ya lori vilitoka humu; hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mjini kulikuwa na wauza spika wengi, ila mwanachama mwenye spika alikuwa mmoja.

Kibanda cha Fundi Spika kilikuwa kimejaa maboksi ya sauti hadi darini. Mwenyewe alikuwa kijeba mwenye mikono mizuri, fundi wa vyombo wa chama tangu siku ya kwanza. Alipowaona polisi bisibisi ikamdondoka.

"Spika yako iko wapi?" Inspekta akauliza, hajasalimia. "Ile ndogo, isiyo na waya. Uliyoiweka ndani ya mzinga."

Fundi hakuiokota bisibisi. Akakaa juu ya boksi.

"Sijui," akasema mwishowe. "Wallahi sijui, afande. Nilirudi jana kuitoa nikakuta haipo. Sijalala tangu jana."

"Kwa nini uliiweka? Chama tawala kilikupa nini?"

"Chama tawala?" Akashtuka kweli. "Hapana! Hapana, mama yangu, usiseme hivyo! Niliiweka kwa ajili yake. Baada ya uchaguzi uliopita tulibaki wachache, tukivuma sauti inakuwa nyembamba, kama mbu. Nilimwona Mwenyekiti siku moja, anasikiliza mvumo ule, uso umemporomoka. Mtu aliyevumiwa na uwanja mzima! Nikaumia. Ninao mvumo wa uwanjani, niliurekodi mwenyewe, hadi honi ya lori la pamba imo. Basi nikaiweka spika. Tukianza kuvuma nabonyeza simu mfukoni, sauti ndogo tu, inachanganyika na yetu. Tukaonekana bado tuko watu. Na yeye akawa anatabasamu tena."

"Yeye alijua?"

"Asingekubali! Yeye? Angenifukuza chamani. Hakuna aliyejua ila mimi."

"Na juzi?"

Fundi akaficha uso kwa mikono ile mizuri.

"Juzi alipouliza, nikafumba macho. Nikasubiri wenzangu waanze. Kimya. Kimya kabisa, afande, nasikia hata anavyopumua. Hoja ya Mwenyekiti inakosa hata mtu mmoja! Nikaona anaaibika mbele yetu, mtu ambaye hatujawahi kumkatalia. Nikashindwa kuvumilia. Nikabonyeza. Tena nikapandisha sauti."

"Wewe ulivuma?"

"Mimi?" Akanyanyua uso, mashavu yameloa. "Mimi nilikuwa sitaki chama kife. Nilinyamaza. Niliona haya tu yeye abaki kwenye kimya kile."

Koplo alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Inspekta alisimama ameduwaa, mkono kiunoni. Watu wanne. Hata mmoja hakuvuma. Chama kilichowahi kuutikisa mkoa kilikuwa kimevunjwa na kopo la sauti, na kila mmoja wao alikwenda nyumbani anawalaani wenzake. Na kwa kuwa hilo haliulizwi, wangekufa na kuzikwa wakiamini hivyo.

"Nimemuua mimi?" Fundi akauliza. "Alijitupa?"

"Mtu anayejitupa hajing'oi vifungo." Inspekta akajikusanya. "Aliyeitoa spika ndiye aliyekuwa naye ngazini. Twende, Koplo."

Ndani ya gari Koplo akasema, "Lakini ni nani, afande? Yeyote angeweza kurudi."

"Mwalimu alimtukana nani?"

"Diwani na Fundi."

"Diwani akamtukana nani?"

"Mwalimu na Fundi."

"Mtu aliyefumba macho, akasikia mvumo ule, lazima awachukie wenzake. Ni lazima, hana ujanja. Sasa nitajie mtu aliyesikia mvumo ule ule na hakumtukana mtu. Aliyesema wenzake hawana kosa."

Koplo akapunguza mwendo bila kukusudia. "Usiniambie," akasema. "Afande, usiniambie."

*

Msibani watu walikuwa wamejaa uani. Shangazi aliwapokea kama asubuhi, akataka kuwaletea maji. Inspekta akamshika kiwiko kwa adabu.

"Shangazi, tuzungumze ndani. Na uniletee ile spika."

Mama yule akamtazama kwa muda. Hakukana. Akaingia chumbani, akatoka na bendera ya Mzinga iliyokunjwa vizuri, akaifungua mapajani. Katikati yake ilikuwemo spika nyeusi, ndogo, ya kitoto. Koplo akasimama mlangoni ili watu wa uani wasione.

"Nilitaka kuuaga ule mzinga," Shangazi akaanza, sauti imenyooka kama mgongo wake. "Miaka yote sikuwahi kuugusa. Nikasema leo chama kimekufa, kanuni nazo zimekufa. Nikaukumbatia, kikagonga kitu ndani. Nikafungua." Akaigusa spika kwa kidole. "Mwanangu wa kwanza alipigwa risasi kwenye maandamano ya Mzinga. Nilimzika na bendera ya aina hii. Watu waliniuliza, mama, unajuta? Nikasema sijuti, amekufa kwa ajili ya kitu cha kweli. Kitu cha kweli! Kumbe tunavumiwa na bati!"

"Ukamfuata ngazini."

"Alikuwa amesimama pale nyuma, peke yake. Nikamwambia, umemzika mwanangu mara ya pili. Nikamkamata shati. Nilimlea yule, mama yetu alipokufa mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nikamsukuma kama simjui." Sasa machozi yakaanza, lakini hakuyafuta. "Ningekuja mwenyewe. Nilitaka nimzike kwanza. Na yule Mhamaji, nilisikia mmemkamata, nikasema akae kidogo, naye ana lake. Hapo nimekosea, nakiri."

Inspekta alikuwa na kazi moja iliyobaki, na aliichukia kazi hiyo kuliko zote alizowahi kufanya. Angeweza kunyamaza. Lakini ingesomwa mahakamani, mbele ya watu, na aliona afadhali aisikie hapa.

"Shangazi, kwa nini ulijua ni yeye?"

"Nani mwingine? Mzinga hauguswi na mtu ila yeye. Ndiyo kanuni yetu, hakuna aliyewahi kuivunja."

"Fundi aliivunja," Inspekta akasema. "Ndiye aliyeiweka, siku nyingi. Kwa huruma tu, ili ndugu yako asijisikie mpweke. Ndugu yako hakuijua kabisa. Alipolia mbele yenu, alilia kweli. Aliamini ni nyinyi mliovuma."

Shangazi akaifunika spika kwa pindo la bendera.

"Na wenzangu?" akauliza mwishowe. "Wao walivuma?"

"Hakuna aliyevuma."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Wote mlikataa."

Simu ya Inspekta ikaita. Alikuwa Mkuu wa kituo, anafoka tangu neno la kwanza. Inspekta akamsikiliza hadi akaishiwa pumzi. "Mfungulie Mhamaji," akasema. "Mrudishie viatu vyake aende nyumbani." Akazima simu.

Shangazi alikuwa ameshika kifua cha gauni lake kwa mikono miwili, amekikunja, amekikaza kama anayemshika mtu shati.

"Aliniuliza," akasema. "Nimemkamata hivi, akaniuliza, 'Dada, spika gani?' Mara mbili aliniuliza. Akanitazama machoni, 'Dada, spika gani?' Nami nikamwita mwongo."